Dhana, Yakini na Miji ya Mawe

Katika Bahari ya Hindi, jirani ya Aldabra, kipo kisiwa kidogo cha matumbawe ambacho ramani hukiita Assumption. Ni kimoja katika visiwa vya mbali vya Shelisheli. Jina hilo kilipewa na nahodha Nicolas Morphey, aliyekuwa akisafiri kwa niaba ya Ufaransa, tarehe 14 Agosti 1756, siku moja kabla ya sikukuu ambayo Wakatoliki huadhimisha kupalizwa mbinguni kwa Bikira Maria. Mwaka huo huo, tarehe 1 Novemba, nahodha yule yule alisimamisha jiwe katika kisiwa cha Mahé kutangaza kwamba ardhi ile imetwaliwa na mfalme wa Ufaransa. Kwamba mabaharia wengine walikwisha kupita maji hayo kabla yake kunaashiriwa na jina la Aldabra lenyewe, ambalo hudhaniwa kuwa lina asili ya Kiarabu. Lakini jiwe la milki halikuuliza nani amepita kabla.

Jina la kisiwa hicho linafaa kuwa mlango wa kuingilia katika habari ya neno lenyewe. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujitwalia jambo. Waingereza walipolirithi, walilipa kazi nyingi. Mtu akikalia kiti cha utawala, neno ni hilo. Bikira Maria akitwaliwa mbinguni mwili na roho, neno ni hilo. Na mtu akishika jambo kuwa ni kweli kabla ya kuliona au kulithibitisha, neno ni hilo hilo. Mfasiri wa Kiswahili akikutana nalo hana budi kusimama na kuchagua, maana lugha yake imeyagawa mambo hayo katika vyumba mbalimbali: kushika madaraka, kupalizwa, na dhana.

Mgawanyo huo si jambo dogo. Katika neno la Kilatini umo mkono. Anayekisia kwa neno hilo anatwaa, na akishakutwaa jambo hushika kana kwamba ni lake. Katika neno dhana mkono haumo. Iliyomo ni akili inayoegemea upande mmoja nayo ingali na khofu ya kukosea. Historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki, hasa habari ya nani aliyejenga miji yake ya mawe, ni historia ya tofauti baina ya mambo hayo mawili: kudhani na kutwaa.

Dhana chuoni

Dhana imeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na herufi inayoianza ndiyo hiyo hiyo inayoanza dhahiri na dhuluma. Huko kwao ni neno lenye nyuso mbili. Katika Kurani, Surat al-Hujurat, aya ya 12, dhana imetajwa pamoja na upelelezi na usengenyaji, miongoni mwa mambo yanayoharibu udugu wa watu. Lakini katika Surat al-Baqara, aya ya 46, kitenzi hicho hicho kimetumika kwa wanyenyekevu wanaotarajia kukutana na Mola wao, na wafasiri wengi wakasema kwamba maana yake pale ni yakini. Neno moja, basi, laweza kumwelekea mwenye kumtuhumu jirani bila ya haki, na laweza kumwelekea mwenye imani thabiti. Anayepambanua ni msomaji, kwa kuangalia limekaa wapi.

Wanafunzi wa vyuo vya pwani walikutana na neno hili mapema, kabla hata ya kulifikiria. Katika Ajurumiyya, kitabu kidogo cha sarufi kilichotungwa na Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki 1323, kuna mlango wa kitenzi dhanna na ndugu zake. Ni vitenzi vinavyochukua yambwa mbili: mtu hudhani kitu fulani kuwa kitu fulani. La kuzingatiwa ni kwamba miongoni mwa ndugu hao yumo pia alima, kujua, ambaye Waswahili wanamfahamu kwa jamaa zake, elimu na maalumu. Kwa hukumu ya sarufi, anayejua na anayedhani wanakaa nyumba moja na sentensi zao zina umbo moja. Mwenye kusema kwamba amemjua Zaidi kuwa mkweli na mwenye kusema kwamba amemdhani Zaidi kuwa mkweli wamezipanga kalima zao sawasawa. Sikio halioni tofauti katika mpangilio. Tofauti imo katika kile kitenzi peke yake. Kikidondoka, au msikilizaji akighafilika nacho, dhana hupita kama elimu.

Ndiyo maana wanachuoni wa misingi ya sheria hawakutosheka na sarufi. Waliweka ngazi. Imamu al-Juwayni, aliyefariki 1085, ambaye risala yake ya al-Waraqat inajulikana sana katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, alieleza dhana na shaka kwa kuzipambanua. Kwa jumla ngazi hiyo ina vipawa vinne. Juu kabisa ni yakini, jambo lisilobakisha upande wa pili. Chini yake ni dhana, pale ambapo pande mbili zinawezekana lakini mmoja una nguvu zaidi. Kisha ni shaka, pale ambapo pande mbili zimelingana kama mizani iliyotulia. Mwisho ni wahmu, yaani kushika ule upande ulio dhaifu. Na juu ya ngazi hiyo wakaweka kanuni, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Aliyetawadha kisha akaingiwa na shaka kama udhu wake umetenguka, hubaki na udhu wake.

Kiswahili cha kila siku kilipokea mengi katika haya. Watu husema kumdhania mtu mabaya, na husema kuwa na dhana njema. Katika sheria husemwa dhana ya kutokuwa na hatia, ambayo imo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inayokataza mshitakiwa wa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Hiyo ni dhana njema iliyopewa nguvu ya dola. Hata hivyo lugha hiyo hiyo ina methali isemayo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo imeipa dhana nguvu za yakini, na kila mtaa una mtu aliyewahi kuumizwa nayo.

Joho jipya

Baada ya uhuru neno hili lilipewa kazi nyingine. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha fasihi na isimu kwa Kiswahili, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Walimu walihitaji neno la kutaja wazo kuu ambalo taaluma imejengewa, na dhana ndiyo iliyoteuliwa. Pakaandikwa juu ya dhana ya fasihi, dhana ya ujamaa, dhana ya utamaduni. Neno lililokuwa likimaanisha rai isiyofikia yakini sasa likamaanisha wazo lililokwisha kukamilika, lenye mipaka yake na hoja zake.

Kila lugha hufanya hivyo inapohitaji. Lakini joho hilo jipya lilileta hatari yake. Mwanafunzi akisoma kwamba iko dhana fulani juu ya asili ya jambo, hawezi kujua mara moja kama anasomewa msingi wa elimu au makisio ya mtu. Kipawa cha pili cha ngazi kimevaa nguo za kipawa cha kwanza.

Wapenzi wa ushairi waliyaona hayo kwa macho yao. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, na wengi wakashika kwamba vina na mizani ndiyo roho ya shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyokuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu wakitetea upana wa utungo. Mabishano yaliyozuka yalikuwa makali kwa sababu pande zote mbili zilizungumzia dhana ya ushairi, lakini hazikuwa na maana moja ya neno. Upande mmoja ulikusudia hakika ya shairi, jambo lililokwisha kuthibitika kwa mazoea ya vizazi. Upande wa pili ulikusudia wazo ambalo watu walilishika wakati fulani na wangeweza kulishika vingine. Ibrahim Noor Shariff naye, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, aliihoji rai ya wageni kadhaa kwamba bahari za ushairi wa Kiswahili ni za kuazima kutoka ng'ambo, akarejea katika nyimbo na tungo za wenyeji wenyewe. Swali lake halikuwa la vina peke yake. Lilikuwa ni swali kubwa zaidi: kwa nini kizuri kinapokutwa pwani, hudhaniwa kwanza kuwa kimetoka kwingine?

Nani aliyejenga?

Swali hilo lina umri mrefu, na mahali lilipoleta athari kubwa ni katika habari ya miji ya mawe: Kilwa, Gedi, Shanga, Manda, Songo Mnara, Kizimkazi na mingineyo. Miji hii ina kuta za matumbawe, misikiti yenye mihirabu ya kuchonga, na makaburi ya nguzo. Na wenyewe wana riwaya yao.

Riwaya ya Kilwa imehifadhiwa kwa njia kadhaa. Mreno João de Barros aliitia katika kitabu chake kilichotoka 1552. Nakala ya Kiarabu, iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877, imo katika maktaba ya taifa ya Uingereza mjini London. Wazee wa Kilwa nao walikuwa na masimulizi yao ya Kiswahili, yaliyopigwa chapa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Kiarabu kinasimulia habari ya mfalme wa Shirazi na wanawe sita walioondoka kwa majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake. Lililofika Kilwa lilimkuta Muislamu aliyekuwa akikaa hapo tayari. Mgeni akakinunua kisiwa kwa nguo, akazitandaza kukizunguka, na mtawala mwenyeji akavuka kwenda bara. Masimulizi ya Kiswahili yanaongeza kwamba mgeni alimwoa binti wa mwenyeji, mzee aliyeitwa Mrimba.

Katika riwaya zote kisiwa kina wenyewe. Kinanunuliwa kwa mtu, na wala hakiokotwi. Nyumba ya wafalme inaanza kwa mali iliyotolewa na, kwa kauli ya wazee wa Kilwa, kwa ndoa. Wageni wapo na wenyeji wapo, na mji unazaliwa baina yao.

Wanahistoria wa zama za ukoloni waliisoma riwaya hiyo kwa jicho moja. Walishika jahazi wakamwacha Mrimba. Mwaka 1938 Reginald Coupland alikiita kitabu chake juu ya eneo hili kwa jina la Afrika ya Mashariki na wavamizi wake, na jina hilo lilitosha kueleza nani aliyepewa kutenda na nani aliyepewa kutendwa. James Kirkman, aliyeanza kufukua magofu ya Gedi mwaka 1948 na ambaye kazi yake ya mikono inastahiki heshima, aliandika mwaka 1964 kwamba majengo yale ni ya Waarabu na Waajemi waliochanganya damu na Waafrika, lakini utamaduni wao ukabaki wa kigeni. Haukuwapo ushahidi wa kufukuliwa uliosema hivyo. Ilikuwa ni dhana iliyotangulia jembe: kwamba jiwe ni la mgeni na udongo ni wa mwenyeji. Kilichofukuliwa baadaye kilipangwa chini ya dhana hiyo.

Lakini shahidi wa macho alikuwako zamani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati mji ulipokuwa katika ustawi wake chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Aliwaeleza watu wake walio wengi kuwa ni Wazanji, weusi sana, wenye chale usoni, na akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri. Maneno hayo yalijulikana na wasomi wote. Dhana ilipokwisha kutwaliwa, hata shahidi aliyefika mwenyewe hakusikilizwa.

Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo, kila fani ikileta lake. Wanaisimu walionyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na lugha za Komoro katika kundi la Sabaki, na mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear wakaieleza jamii ya Waswahili kuwa ni ya Kiafrika kwa asili ya lugha na mwendo wa historia. Katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alifukua Shanga baina ya 1980 na 1988. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena, mpaka akafika kwenye alama za miti ya vijumba vya ibada vya karne ya 8. Jiwe halikushushwa kutoka chomboni. Mji ulianza kwa miti na udongo, ukakua, ukasilimu, kisha ukajifunza kujenga kwa matumbawe mahali pale pale. Felix Chami naye, katika mwambao wa Tanzania, alifuatilia vigae vya vyungu vyenye nakshi za pembetatu, akaonyesha mfungamano wa watu wa pwani na wakulima na wafua chuma wa bara katika miaka elfu ya kwanza Miladia.

Hata rai zilizopimwa kwa uangalifu zilibidi zirekebishwe. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kwa miaka mingi, alisema mwaka 1965 kwamba Washirazi wa Kilwa walitokea pwani ya Benadir, si moja kwa moja Uajemi, na kwamba ukoo wao ulianza kutawala mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, na miongoni mwa majina yaliyomo ni la Ali bin al-Hasan. Tarehe za dhahabu hizo zilisogeza zama za mtawala huyo nyuma hadi karne ya 11. Wapenzi wa ushairi watapenda kujua kwamba sarafu za watawala hawa zina vina: jina la sultani upande mmoja limelinganishwa sauti na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili. Aliyezipiga alijua kwamba hata fedha ndogo kama ukucha yaweza kubeba mizani.

Hapo ingedhaniwa kwamba kesi imekwisha, na wako walioifunga. Kwa kuchoshwa na dhana ya kwanza, baadhi ya wasomi walishika kinyume chake: kwamba Ushirazi wote ni hadithi ya kujitukuza, nasaba iliyotungwa na matajiri ili wajitenge na jirani zao. Hiyo nayo ilikuwa na hoja zake, maana watu wengi duniani wamejitungia nasaba. Lakini nayo ilikuwa dhana.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika miji ya mwambao, kama vile Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, na katika mji mmoja wa ndani, kuanzia kiasi cha 1250 hadi 1800. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya. Matokeo hayakumpa ushindi kamili mtu yeyote. Kwa wengi wa waliochunguzwa, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka Afrika, na hasa kwa upande wa mama. Sehemu kubwa ya uliobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Kiajemi, pamoja na mchango mdogo wa Kihindi. Na mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Urithi wa Kiarabu uliongezeka zaidi baada ya 1500.

Mwaka 1000, wanaume kutoka Uajemi na wanawake wa pwani: ni yale yale waliyoyasimulia wazee wa Kilwa. Binti wa Mrimba, ambaye jina lake halikuhifadhiwa na riwaya, alikuwamo katika mifupa muda wote. Hata hapa, lakini, ngazi ya al-Juwayni isisahauliwe. Wengi wa waliochunguzwa walizikwa katika makaburi ya wenye vyeo, karibu na misikiti. Wavuvi, wakulima na wafua chuma waliozikwa nje ya kuta hawajasema lao. Kuwapima watu wote wa pwani kwa mifupa ya mabwana ni kuirudia kwa njia mpya ile dhana ya zamani.

Dhana ndani ya daftari

Huenda mtu akauliza: haya ni mabishano ya wasomi, yanamdhuru nani? Jibu limo katika madaftari ya serikali. Utawala wa kikoloni uliigeuza dhana ya asili kuwa fungu la sensa. Zanzibar, baina ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiandikisha kuwa ni Waswahili ilipungua mno. Watu hawakuwa wamekufa wala kuhama. Walikuwa wamejifunza kwamba jina moja linashusha na jingine linapandisha, wakajiandika kwa majina mengine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata mafungu hayo, na kilichoandikwa daftarini kikaamua kinachopikwa jikoni.

Mwaka 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana Unguja kukiunda Chama cha Afro-Shirazi, na jina la chama hicho lenyewe lilikuwa jaribio la kuunganisha kilichokuwa kimetenganishwa kwa kalamu. Lakini swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilikwisha kuingia mitaani. Lilitajwa katika mikutano ya hadhara, likaandikwa magazetini, na kufikia Januari 1964 watu waliuawa na wengine wakakimbia visiwa kwa sababu ya majibu yaliyotolewa kwa haraka. Sababu za mambo hayo ni nyingi, zimo ardhi, kazi na madaraka. Lakini miongoni mwazo imo pia dhana ya historia iliyotwaliwa kuwa yakini, ikamwambia kila mtu kwamba jirani yake hakutoka hapa.

Kuchukulia na kuchukua

Habari ya miji ya mawe ikirejeshwa kwenye ngazi ya wanachuoni, kila kitu hupata kipawa chake. Kwamba Kizimkazi palikuwa na msikiti mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, ni jambo lililoandikwa kwa khati ya kufi ukutani mwake. Kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na kwamba Shanga ya miti ilitangulia Shanga ya mawe, nayo yamethibitika. Hayo yako juu. Kwamba riwaya ya Washirazi imebeba kumbukumbu ya ndoa za kweli zilizofungwa kiasi cha miaka elfu moja iliyopita ni dhana, tena yenye nguvu kuliko ilivyokuwa kabla ya 2023. Idadi ya majahazi, na mahali walipotokea mabaharia wa kila chombo, ni mambo ya shaka. Na kwamba miji hii ililetwa mizima kutoka ng'ambo, watu wa pwani wakawa ni vibarua na watazamaji, huo ni wahmu, ingawa ulisomeshwa madarasani kwa muda mrefu kama elimu.

Dhana yenyewe si adui. Chittick asingedhani, asingepatikana wa kumrekebisha. Horton asingedhani kwamba chini ya msikiti kuna kitu, asingechimba. Mtafiti asiyethubutu kukisia hubaki kuhesabu vigae. Kosa huanza pale kitenzi kinapodondoka katika sentensi, pale inaposemwa kwamba miji ni ya wageni badala ya kwamba miji inadhaniwa kuwa ni ya wageni.

Kiswahili, kwa upande wake, kina neno jingine la kazi hii, ambalo walimu wa hesabu hulitumia kila siku: tuchukulie. Tuchukulie kwamba idadi hii ni kadhaa, husema, kisha huendelea na hesabu. Hapa mkono umerudi, kama ulivyokuwamo katika neno la Kilatini, kwa sababu kuchukua ni kutwaa. Lakini kuchukua kwa Kiswahili ni pia kubeba. Hamali huchukua gunia, chombo huchukua abiria, na watu wema huchukuliana, yaani kila mmoja huubeba udhaifu wa mwenzake. Anayechukulia jambo, basi, kwa mujibu wa lugha hii, amejitwisha. Mzigo wa kulithibitisha uko kichwani pake mpaka aufikishe, na akishindwa ni juu yake kuutua.

Mwaka 1756 jiwe la milki lilisimamishwa kisiwani Mahé, na miaka mia mbili baadaye vitabu vilisimamisha mawe kama hayo juu ya magofu ya Kilwa na Gedi. Aliyetwaa hakubeba. Waliobeba ni wale walioambiwa kwamba nyumba za babu zao si zao, na pamoja nao wale walioambiwa kwamba bibi zao hawakuwahi kuwako.